MLS kuzifikia ligi za Ulaya: Messi mwache kwanza, mtazame mchezaji wa nane

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mdogo wangu anaishi Columbus, Ohio, na kila tukipigiana simu tunabishana. Yeye anasema Messi kaenda, Son kaenda, Müller kaenda, na pesa Wamarekani wanazo kuliko wote, kwa hiyo miaka kumi tu ligi yao, MLS, itakuwa sawa na za Ulaya. Mimi namwambia ile ni ligi ya wastaafu. Nani yuko sahihi? Na jingine: mwanawe ana miaka 14, anapenda mpira, na wanalipa hela nyingi mno kwa mwaka ili acheze. Ndivyo ilivyo huko? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Salama kaka. Mdogo wako anakosea, ila hoja yako ya wastaafu nayo imezeeka. Denis Bouanga wa Gabon alihamia Los Angeles FC mwaka 2022 akiwa na miaka 27, akitokea Saint-Étienne ya Ufaransa, na msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa ligi. Victor Wanyama alipoondoka Tottenham kwenda Montreal, Machi 2020, alikuwa na miaka 28. Jhon Durán alipita Chicago akiwa kijana mdogo kabisa, Aston Villa wakamchukua akiwa na miaka 19. Mwaka 2025 Atlanta iliripotiwa kulipa dola milioni 22 kumtoa Emmanuel Latte Lath wa Ivory Coast pale Middlesbrough, na pesa ya namna hiyo hakuna anayeitoa kwa mzee. Ukiendelea na habari ya wastaafu, mdogo wako atakushinda. Mbane kwenye mishahara.

Lakini kwanza muulize Ulaya ipi. UEFA ina vyama wanachama 55, na kati ya Manchester City na bingwa wa Malta hakuna cha kulinganisha. Kwa kipimo changu, timu nzuri ya MLS ukiipeleka leo Ubelgiji, au daraja la pili England, itacheza bila kuaibika na huenda ikamaliza nafasi za juu. Timu ya kawaida ya MLS itahangaika hukohuko. Miaka kumi mbele naiona ligi hiyo ikikaa meza moja na Uholanzi na Ureno. England, Hispania, Ujerumani na Italia, hapana, labda wavunje kanuni zao wenyewe. Na kwa kuwa kanuni hizo ndizo zilizowatajirisha wamiliki, sioni ni nani atakayekuwa na haraka ya kuzivunja.

Ili umwelewe Mmarekani katika hili, jua kilichompata zamani. Kulikuwa na ligi ikiitwa NASL, iliyoanza 1968. New York Cosmos wakamleta Pelé 1975, kisha Franz Beckenbauer 1977, na Agosti ya mwaka huo mechi moja ya mtoano dhidi ya Fort Lauderdale ilivuta zaidi ya watu 77,000. Matajiri wakaona neema, kila mmoja akataka timu, na kufikia 1978 ligi ilikuwa na timu 24. Nyingi hazikuwa na mashabiki wala kipato, lakini zilikuwa zikikimbizana na Cosmos kwenye mishahara. Baada ya msimu wa 1984 ligi ikafa.

FIFA ilipowapa Kombe la Dunia la 1994 iliwataka waunde ligi mpya ya kulipwa. MLS ikaanza 1996 na timu 10, na walioiunda walikuwa wameapa kutorudia ya Cosmos. Wakatengeneza kitu ambacho Ulaya hakipo: ligi nzima ni kampuni moja, matajiri ni wanahisa wanaokabidhiwa timu waziendeshe, na mchezaji husaini mkataba na ligi. Wachezaji walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba kwa mfumo huo hakuna timu zinazoweza kushindana kumpandishia mtu mshahara. Wakashindwa. Hata hivyo ligi nusura ife vilevile. Baada ya msimu wa 2001 timu mbili za Florida, Tampa Bay Mutiny na Miami Fusion, zilifungwa, na 10 zilizobaki zikawa mikononi mwa matajiri watatu. Mmoja wao, Philip Anschutz, aliwahi kuendesha zaidi ya nusu ya ligi peke yake.

Sasa angalia mambo yalivyogeuka. Toronto ililipa dola milioni 10 kuingia ligini mwaka 2007. San Diego, timu ya 30, imeingia 2025 kwa dola milioni 500. LAFC, ambayo mechi yake ya kwanza ilikuwa 2018 tu, jarida la Forbes linaithamini zaidi ya dola bilioni moja. Mtu aliyenunua kiti kwa milioni 10 na leo kinauzwa kwa mamia ya milioni, ukimwambia abadilishe kanuni ili aifukuzie Bayern Munich, atakuuliza kwa faida ya nani.

Tuje kwenye hizo kanuni. Mwaka 2025 bajeti ya mishahara ya kikosi ilikuwa dola milioni 5.95, kwa wachezaji wakuu wapatao 20. Kila timu inaruhusiwa nyota watatu ambao mshahara wao unaweza kupanda bila ukomo, na kila mmoja anahesabiwa kwenye bajeti kwa sehemu ndogo tu. Kanuni hiyo ilipitishwa 2007 ili LA Galaxy imchukue David Beckham, na mpaka leo watu huiita kwa jina lake. Zipo pia fedha za ziada ambazo ligi inazigawa, zenye majina na masharti ambayo hata makocha wenyewe huyasoma mara mbili. Ukishatoa hayo yote, wachezaji waliobaki wanagawana kidogo. Mwaka 2024 Messi peke yake alipata dola milioni 20.4, kwa mujibu wa chama cha wachezaji, kiasi ambacho timu nyingi hazikukifikia hata ukijumlisha mishahara ya kikosi kizima. Kima cha chini cha mchezaji mkuu kwa 2025 kilikuwa dola 104,000 kwa mwaka. Kwa maisha ya kawaida ni hela nzuri, tusidanganyane. Lakini igawe hiyo milioni 5.95 kwa watu 20 upate wastani wa karibu dola 300,000 kwa mwaka, halafu jiulize beki wa kawaida wa timu ya katikati ya Ligi Kuu England anakipata kiasi hicho kwa muda gani. Miezi miwili haimalizi.

Ndiyo maana nakwambia umtazame mchezaji wa nane, yule wa kikosini asiye nyota. Timu ya MLS inafanana na mtu aliyevaa koti la suti juu na kaptula chini. Mbele kuna mtu aliyewahi kubeba Kombe la Dunia, beki ya kushoto kuna kijana aliyetoka chuo juzi. Mechi ikiwa na nafasi, nyota watatu wanatosha. Mpinzani akijua kukaba kwa pamoja na kupandisha presha mwanzo wa uwanja, anamtafuta yule kijana, anamchosha, na mpira haumfikii tena nyota.

Tuliyaona hayo kwenye Kombe la Dunia la Klabu la 2025, tena kwenye ardhi yao. Inter Miami iliifunga Porto 2-1 kwa mpira wa adhabu wa Messi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya MLS kuishinda timu ya Ulaya kwenye mashindano rasmi. Wapewe haki yao, siku ile walicheza. Kisha wakakutana na PSG kwenye mtoano: 4-0, mabao yote manne kipindi cha kwanza. Messi, Suárez, Busquets na Alba walikuwa uwanjani. Seattle Sounders ilipoteza mechi zake zote tatu. LAFC ilifungwa na Chelsea 2-0, halafu ikafungwa 1-0 na Espérance ya Tunis kwa bao la Youcef Belaïli. Bouanga huyohuyo niliyemsifu juu alipata penalti dakika za mwisho, kipa akaiokoa. Espérance si wageni kwetu, tumewaona mara nyingi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Ni timu nzuri, lakini hakuna anayesema Tunisia inakaribia kuifikia England.

Kwenye mashindano hayohayo, Al Hilal ya Saudi Arabia ilitoka sare ya 1-1 na Real Madrid, ikaitoa Manchester City 4-3. Saudia walianza kumwaga pesa 2023. Miaka miwili! Na MLS ina karibu miaka thelathini. Tofauti ni kwamba Al Hilal hawakuambiwa wachague watatu: kipa Bono, beki Koulibaly, Cancelo pembeni, Rúben Neves na Milinković-Savić katikati. Walilipa kikosi kizima. Mimi sishabikii pesa ya serikali kuendesha mpira, ila hesabu yenyewe imesomeka. Na usidhani ni pesa tu, maana Flamengo iliifunga Chelsea 3-1 na Botafogo ikaifunga PSG, timu za nchi inayouza vijana wake kila dirisha la usajili. Brazil wanao vijana wengi kiasi kwamba kuuza hakuwamalizi.

Kabla ya Ulaya kuna Meksiko, na hapo ndipo mdogo wako hatakuwa na jibu. Kombe la klabu bingwa la ukanda wao wa Concacaf, hadi 2025, timu za MLS zimelichukua mara tatu: D.C. United 1998, LA Galaxy 2000 na Seattle 2022. LAFC ilipoteza fainali 2020 kwa Tigres na 2023 kwa León. Columbus, timu ya mji anaoishi mdogo wako, ilipigwa 3-0 na Pachuca 2024. Vancouver ilipigwa 5-0 na Cruz Azul 2025. Sababu moja ni kalenda, kwani mashindano hayo huanza Februari, wakati timu za MLS ndiyo kwanza zinatoka likizo na za Meksiko ziko katikati ya msimu. Sababu nyingine ni ileile ya mchezaji wa nane. Timu ya Meksiko inaweza kuwa haina Messi, lakini benchi lake limejaa watu wanaolipwa vizuri.

Pesa za runinga nazo zinaeleza mengi. Apple ilisaini na MLS mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola bilioni 2.5 kwa miaka 10 kuanzia 2023. Hiyo ni dola milioni 250 kwa mwaka, ukizigawa kwa timu 30 kila moja inapata kama milioni 8. Ligi Kuu England, haki za ndani ya Uingereza peke yake, imeuza kwa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne kuanzia 2025. Timu inayomaliza ya mwisho huko na kushuka daraja huondoka na zaidi ya pauni milioni 100. Mmarekani ana pesa, ni kweli, lakini pesa zake za kutazama michezo ziko kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na kwenye mpira wa kikapu. Na hata yule Mmarekani anayependa soka, Jumamosi asubuhi anaamka kutazama Arsenal na Liverpool. Uwanjani wanajaa, wastani wa zaidi ya watu 23,000 kwa mechi mwaka 2024 si mdogo hata kwa Ulaya. Shida ni aliyeko nyumbani, ambaye hajaona sababu ya kukosa usingizi kwa mechi ya Salt Lake na Kansas City.

Sababu hiyo ya kukosa usingizi, Ulaya huletwa na hofu ya kushuka daraja. Wewe wa Morogoro huhitaji kuelezwa: Mtibwa Sugar, bingwa wa nchi 1999 na 2000, ilishuka daraja 2024 ikabidi ipambane msimu mzima huko chini ndipo irudi. Mechi zao za mwisho za msimu ule zilikuwa za kufa na kupona. MLS haina kushuka. Timu ya mwisho inarudi mwakani kama kawaida, tena inapewa kipaumbele kwenye kuchagua chipukizi wa vyuo. Kijana wa miaka 20 anayecheza Agosti kwenye timu isiyowania chochote hajifunzi kile anachojifunza mwenzake wa Ubelgiji anayejua akikosea Jumapili kuna watu watafukuzwa kazi. Kuna ligi nyingine, USL, iliyotangaza 2025 kwamba itaanzisha kupanda na kushuka daraja kati ya ligi zake, kuanzia msimu wa 2027/28. Naifuatilia kwa hamu kubwa. MLS yenyewe haimo.

Hoja moja utaisikia sana: kwamba wanariadha wao bora wanachukuliwa na mpira wa kikapu na NFL, na siku wakija kwenye soka dunia itakoma. Usiisumbukie. Messi ana sentimita 170. Modrić si mrefu. Mpira unamtaka mtoto aliyegusa mpira kila siku tangu akiwa na miaka sita. Kwa wanawake, Marekani ilifanya hasa hivyo: sheria ya 1972 ya usawa katika elimu ilifungua michezo ya vyuo kwa wasichana, na matunda yake ni Makombe ya Dunia manne. Ligi yao ya wanawake haina haja ya kuifikia Ulaya. Wazambia Barbra Banda na Racheal Kundananji wameichagua, na Temwa Chawinga wa Malawi akawa mchezaji bora wa msimu wa 2024. Ungeniuliza kuhusu hiyo, jibu lingekuwa la mistari miwili.

Kinachonipa matumaini kwa wanaume ni kuuza. Tangu Alphonso Davies, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Ghana na kukulia Kanada, auzwe na Vancouver kwenda Bayern mwaka 2018, timu za MLS zimegundua kwamba akademia inaweza kulipa. Tyler Adams alitoka New York kwenda Leipzig, Miguel Almirón akatoka Atlanta kwenda Newcastle. Ureno na Uholanzi zimeishi kwa njia hiyo miaka mingi na zinaheshimiwa. Uamuzi wa Novemba 2025 wa kuhamisha kalenda ni wa upande huohuo. Kuanzia 2027 msimu utaanza Julai na kumalizika Mei mwaka unaofuata, kukiwa na mapumziko marefu ya baridi, maana Minnesota mwezi Januari hapachezeki. Watakuwa sokoni pamoja na Ulaya, na mchezaji hatauzwa tena timu ikiwa katikati ya mbio za ubingwa. Ni hatua kubwa. Wakiongeza na bajeti ya mishahara, hata mara mbili tu, nitabadilisha nilichokwambia kuhusu Uholanzi na kusema miaka mitano.

Sasa mtoto. Ndiyo, ni kawaida huko, na ni moja ya mambo yanayowarudisha nyuma. Klabu za vijana zinaishi kwa ada za wazazi, maelfu ya dola kwa mwaka ukijumlisha safari na mashindano. Kwingineko klabu iliyomlea mtoto hupata mgawo kwa kanuni za FIFA akishakuwa mchezaji wa kulipwa, lakini Marekani kwa miaka mingi haikuzitekeleza; MLS ilianza kudai malipo hayo 2019. Kwa hiyo klabu ya mtaani haikuwa na sababu ya kumlea mtoto wa maskini. Bernard Kamungo alizaliwa Kigoma, kambi ya Nyarugusu, kwa wazazi Wakongo, akahamia Abilene, Texas, mwaka 2016. Hakupita kwenye klabu hizo za ada. Alicheza mpira wa shule, kisha akaenda kwenye majaribio ya wazi ya timu ya pili ya FC Dallas na kuchaguliwa. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi, na Januari 2024 akavaa jezi ya taifa ya Marekani. Wangapi wenye kipaji chake hawakuwa na wa kuwapeleka kwenye majaribio?

Mwambie mdogo wako kwamba akademia nyingi za timu za MLS hazitozi ada, na Columbus Crew wanayo, pamoja na timu ya pili iliyokuwa bingwa wa kwanza wa MLS Next Pro, ligi ya timu hizo za pili, mwaka 2022. Aulize tarehe za majaribio kabla hajalipia msimu mwingine. Na mtu yeyote akimfuata akidai atampeleka mtoto Ulaya sasa, amfukuze. FIFA hairuhusu mchezaji kuhamishwa nchi hadi nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Christian Pulisic alianza kuichezea Dortmund mapema kwa sababu alikuwa na pasipoti ya Kroatia kupitia babu yake. Weston McKennie, asiye na pasipoti ya Ulaya, alisubiri akademia ya FC Dallas mpaka akafikisha 18 ndipo akaenda Schalke. Huyo wenu ana miaka minne ya kusubiri, na jambo la kuuliza Crew, wakimkubali, ni vijana wangapi wa akademia wamepata dakika kwenye timu ya kwanza misimu mitatu iliyopita.